Ziara ya uwanja wa vita Tanga: nyuki wengi, bombomu kidogo

Ziara hii ya miguu inaanzia Ras Kazone, waliposhukia Waingereza, na kuishia upande wa reli, ambako jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilijipanga Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Njia imechaguliwa vizuri. Unatembea alikopita mshambuliaji, uso ukiwa umeelekea mjini, na unaanza kuelewa kwa nini watu wapatao 8,000 walikwama mbele ya wapatao 1,000.

Udhaifu uko kwenye silaha. Mwongozaji anasema "risasi zilimiminika kila upande", kisha anarukia nyuki. Nyuki walikuwepo kweli, na waliuma pande zote mbili, lakini kwa maoni yetu kilichoamua ni risasi za ubavuni. Risasi za bombomu (bunduki ya rashasha) hutua kwenye eneo refu na jembamba. Ikipigwa kutoka mbele, eneo hilo linakatiza sehemu ndogo tu ya mstari wa askari. Ikihamishiwa pembeni, linalala juu ya mstari mzima: iliyomkosa wa kwanza inampata wa tatu. Ubavu wa kushoto wa Waingereza ulipigwa hivyo na kombania ya 13 ya Wajerumani alasiri ya tarehe 4. Mwambie akuchoree mchangani. Anajua, ila hasemi mpaka aulizwe.

Kipande cha bunduki ndicho bora. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, ya baruti nyeusi, na kila walipofyatua moshi uliwafichua. Anafafanua pia sauti mbili anazosikia anayepigwa: mlio mkali ni risasi yenyewe ikipita karibu, na haukuonyeshi mpigaji alipo; mshindo mzito unaofuata ndio umetoka kwenye mtutu. Huo wa pili ndio wa kuufuata.

Hapo hapo anateleza. Anadai sekunde moja kati ya sauti hizo ni mita 340. Mita 340 ni mwendo wa sauti kwa sekunde, lakini risasi nayo ilitumia muda kufika, kwa hiyo kwa bunduki za wakati ule pengo hilo lina maana adui yuko mbali zaidi ya maradufu.

Mizinga ya HMS Fox, meli ya kivita ya Waingereza, anaiita "kifuniko". Hapana. Kufunika ni kumfanya adui ashindwe kuinua kichwa wenzako wakisogea. Makombora yaliyorushwa juu ya minazi bila kuona shabaha hayawezi kazi hiyo.

Nyota tatu kati ya tano. Anzeni saa moja asubuhi, mbebe maji, mvae viatu vya kufunika mguu, na msitembee juu ya reli. Bei kubalianeni kabla ya kuondoka, na muulize kama makaburi ya vita yamo, maana wakati mwingine hulipiwa pembeni.