Vinyago vya mpingo: banda la Nane Nane Ngongo au meza ya tamasha Mtwara mjini?

Gharama kwanza. Nane Nane ya Ngongo, Lindi, huchukua siku 8 mpaka kilele tarehe 8 Agosti, kwa hiyo hesabu banda, chakula, malazi na mlinzi wa usiku. Tamasha la ngoma la siku moja au mbili Mtwara mjini linataka meza, kitambaa na nauli tu. Mkichangia meza wawili, hasara haiumi.

Kwenye mauzo mambo hugeuka. Wengi Ngongo wamefuata mbegu na matrekta: watauliza bei ya kinyago, watanunua kijiko cha mpingo. Umati upo, ila mfuko mwepesi. Tamashani anayetafuta ujamaa (kinyago cha watu waliopandana na kushikana) wa sentimita 60 anaweza kutokea, au asitokee kabisa.

Kazi zenyewe huteseka zaidi Ngongo. Jua na upepo hukausha mpingo upande mmoja, nao hupasuka kuanzia kichwani au kitakoni, maji yanakotoka haraka. Paka nta sehemu hizo, weka kivulini, usiku funga kwa gunia. (Kiwi ya viatu ya kutia weusi usiguse; mnunuzi mwenye kitambaa kibichi atakuumbua.)

Mwenye vijiko mia aende Ngongo. Mwenye vinyago vitatu vikubwa, na hana deni la haraka, asubiri tamasha.