Kodak Brownie Hawkeye Flash: kamera nzuri, mradi uwe na spuli yake

Kodak Brownie Hawkeye Flash, iliyotengenezwa kati ya 1950 na 1961, bado hupatikana kwa urahisi katika maduka ya mitumba ya Marekani, na ndiko nilikoinunua yangu. Ni kisanduku cheusi cha bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani) chenye mpini juu, lenzi ya kipande kimoja cha kioo, na hakina namba za mwanga wala za umbali za kuzungusha. Kuipigia picha ni kazi nyepesi. Kinachomtatiza mnunuzi ni filamu.

Ndani imeandikwa kwamba hutumia filamu ya 620, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995, na wengi wakishasoma hapo huifanya kamera pambo la kabatini. Wanaikosea haki, kwa sababu filamu ya 620 na ile ya 120, ambayo inauzwa hadi leo, ni utepe uleule wenye upana wa takriban milimita 61 na karatasi ya nyuma yenye namba zilezile. Zinatofautiana kwa spuli tu, yaani kigurudumu ambacho filamu huviringishwa. Spuli ya 620 ni ya chuma, ina kiini chembamba na visahani vya pembeni vilivyo vidogo kidogo, ilhali ya 120 siku hizi ni ya plastiki na kiini chake ni kinene. Ukiziweka pamoja mezani hutahitaji rula.

Baadhi ya kamera hizi hukubali roli ya 120 kama ilivyo upande wa kutolea filamu, mradi upande wa kupokelea iwepo spuli ya 620. Yangu iliikubali kwa shingo upande, kisha ikagoma kabisa kwenye picha ya nane. Tangu hapo huhamisha filamu ndani ya mfuko mweusi: naiviringisha kwenye spuli moja ya 620, halafu naihamishia kwenye ya pili ili mwanzo wa karatasi urudi nje, na nikifika pale filamu ilipogundishwa hubandua gundi na kuibandika upya, la sivyo hufanya kivimbe. Spuli mbili zinatosha, kwa kuwa ile ya kupitishia ndiyo inayoingia kwenye kamera kupokea. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha kamera ambayo ndani haina spuli tupu, shusha bei au ondoka.

Kuhusu kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga (ISO), shata, kilango cha kuingizia mwanga, hufunguka kwa takriban sehemu moja ya thelathini ya sekunde, muda mrefu kwa jua la mchana. Ilford FP4 Plus ya ISO 125 ilinipa negativu safi, lakini HP5 Plus ya ISO 400 ilitoa negativu nzito mno. Unapata picha 12 za mraba, zenye makali katikati na ulaini pembeni, na ulaini huo mimi naupenda. Kidirisha chekundu cha nyuma nakiziba kwa utepe mweusi, nakifunua ninapozungusha tu, maana filamu za leo huona mwanga mwekundu na zinaweza kuungua.

Ukikuta roli ya zamani ndani, usiifungue kwenye mwanga. Imalize kuiviringisha, kisha soma karatasi yake. Verichrome Pan ni nyeusi na nyeupe, nayo bado husafishwa bila shida kubwa. Kodacolor ya zamani, filamu ya rangi, ilisafishwa kwa dawa za C-22, zilizoachwa baada ya C-41, dawa za filamu za rangi za leo, kuingia mwaka 1972, na joto la C-41 linaweza kuiharibu. Mwombe fundi aisafishe kama nyeusi na nyeupe.

Studio niliyopelekea roli yangu ya kwanza ilinirudishia negativu nzuri na kuitupa spuli pamoja na takataka. Nililazimika kununua kamera ya pili, mbovu, kwa ajili ya spuli iliyokuwamo, na sasa kila roli ninayopeleka naifunga na kikaratasi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: rudisha spuli.