Hacienda Yaxcopoil: Jumba la Mkonge Lisiloficha Uzee Wake

Kusini mwa jiji la Mérida, katika jimbo la Yucatán nchini Meksiko, barabara iendayo Uxmal, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa huko, inapita mbele ya lango la matao mawili ya mtindo wa Wamori, Waislamu waliotawala Uhispania zamani. Ndani ya lango hilo ndimo ilimo Hacienda Yaxcopoil, shamba lililoanzishwa katika karne ya 17 na ambalo sasa ni makumbusho. Kwa mpenzi wa nyumba za kale hapa Nairobi, naipendekeza kuliko zile hacienda za jimbo hilo zilizogeuzwa kuwa hoteli za kifahari.

Sababu ni kwamba uzee wake umeachwa uonekane. Rangi ya kuta imebanduka mahali mahali na haikufunikwa kwa rangi mpya, na vigae vya sakafu vyenye nakshi vimefifia pale nyayo zilipopita kwa miaka mingi. Kuta ni nene, dari ziko juu mno, na milango mirefu inayotazamana hupitisha upepo kutoka baraza la mbele hadi bustani ya nyuma. Nyumba kongwe za Karen na Muthaiga nazo zina mabaraza, lakini baridi yetu ya Julai ilizidai pia mahali pa kuwashia moto. Huku Yaxcopoil jengo zima limepangwa kwa ajili ya kulishinda joto, na ukivuka kizingiti tu unalihisi hilo mwilini. Bustani nayo, yenye bogenvilia na miti mirefu ya jamii ya mnazi, ni sehemu ya mpango huo huo, kwa maana kivuli chake ndicho kinachoupoza upepo kabla haujaingia vyumbani.

Usiondoke bila kuingia katika jengo la mitambo, lenye injini ya Kijerumani iliyoendesha kazi ya kuchakata majani ya mkonge. Aliyewahi kupita Mwatate, kwenye mashamba ya mkonge ya Taita, ataitambua kazi hiyo mara moja, kwani mkonge wa Yucatán ni ndugu wa huu wetu, ambao asili yake ni huko huko Meksiko na ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Utajiri uliojenga mahacienda haya ulitoka kwa vibarua wa Kimaya waliofungwa kwa madeni yasiyolipika, na baadaye Rais Lázaro Cárdenas aliigawa ardhi ya mkonge ya Yucatán mwaka 1937. Uzuri wa vyumba vile hautazamiki kwa haki bila kuyakumbuka hayo, nami nilivipenda zaidi, wala si kidogo, nilipovitazama hivyo.

Nenda asubuhi, kabla jua halijakaza, na ujipe muda wa kuketi barazani. Magofu ya Uxmal yako mbele katika barabara hiyo hiyo, kwa hiyo siku moja inatosha kuviona vyote viwili bila haraka.