Unga wa kuotesha mizizi: kwenye bogenvilia umelipa, kwingine ni pesa bure

Nimeutumia tangu masika, hapa Dar es Salaam, kwa vipandikizi vya maua yanayopukutisha majani kiangazi. Ni kopo la gramu 50, shilingi 18,000 kwenye duka la pembejeo. Ndani yake kuna IBA, homoni inayochochea mizizi. Kabla hujalipa soma asilimia iliyoandikwa ubavuni: 0.1 ni ya vijiti laini, 0.3 ya vilivyoanza kukomaa, 0.8 ya vigumu kabisa. Usipouliza, muuzaji atakupa lolote lililopo. Mimi nilichukua la 0.3.

Niliutafuta kwa ajili ya bogenvilia. Ukiiona ilivyotapakaa kwenye kuta za Mikocheni utadhani ni mmea wa kuchomeka tu, kumbe vijiti vyake vingi hukauka bila kutoa hata uzi mmoja wa mzizi. Nilikata vijiti vya unene wa penseli, urefu wa shibiri hivi, chini kidogo ya jicho, nikavipukusa majani. Nusu nikavichovya kwenye unga na kuvikung'uta, nusu nikaviacha vitupu. Vyote vikaingia kwenye viriba vya mchanga na maganda ya mpunga yaliyochomwa, chini ya mwembe. Vilivyochovywa vilishika vingi. Vile vitupu vilishika vichache, tena kwa kuchelewa.

Jambo moja kopo halikuambii: bogenvilia huchipua majani kabla ya kuwa na mizizi, kwa kula akiba iliyomo kwenye kijiti. Ukiona kijani wiki ya tatu usishangilie, na wala usikivute kujaribu. Subiri kama miezi miwili, halafu siku ya kuhamisha chana kiriba ili udongo uende mzima mzima, maana mizizi yake ni myembamba na hukatika kwa kuguswa tu.

Poinsetia? Okoa hela yako. Acha utomvu mweupe ukome kutoka, chomeka, inashika yenyewe. Franjipani vilevile, ila kijiti kikae kivulini wiki nzima hadi jeraha likauke; ukikiharakisha kitaoza, na unga hauzuii kuoza. Waridi la jangwani nalo hushika kwa kijiti, lakini mara nyingi hutapata kile kitako kinene ambacho wengi hulinunulia. Ukikitaka, panda mbegu. Na vaa glavu, utomvu wake ni sumu, kuna jamii za Afrika zilizoupaka kwenye mishale.

Malalamiko ninayo. Maelezo hayana neno hata moja la Kiswahili, tena kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Mfuniko haubani, na kwa unyevu wa huku Pwani unga huganda mabonge haraka. Mimi humimina kidogo kwenye kisahani nikachovya humo, kinachobaki natupa. Ukiingiza vijiti vibichi koponi umeuharibu wote. Kopo lenyewe nimelitia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, lipo kwenye friji, limeandikwa SI HAMIRA kwa wino mwekundu.

Kwa mtu wa kitalu anayeuza bogenvilia, nyota nne. Kwa mwenye poinsetia mbili uani, gramu 50 ni nyingi mno. Tafuteni jirani mgawane.