Uzoefu wangu: kufufua Hilux ya shamba ya 1986 hapa Malindi, na spea zake nilivyozipata

Watu wananiuliza sana kama inafaa kutengeneza pikapu kuukuu ama bora uiuze chuma kwa kilo, uongeze pesa ununue kitu kingine. Jibu langu sasa hivi gari ikiwa barabarani ni kwamba inafaa na inafaa sana, ila hapa pwani angalia chesisi kwanza kabla hujashika hata nati moja ya injini. Injini za hizi gari zinapatikana, spea zipo, fundi anayezijua hukosi. Kinachoua gari huku kwetu ni chumvi, na chumvi haionekani mpaka uchungulie chini.

Gari yenyewe ni Hilux dizeli ya 1986, ile bodi iliyoanza 1983, tu-wili (inasukumwa na tairi mbili tu), injini 2L ya 2446 cc. Ilikuwa ya ami yangu, imebeba maembe na nazi kutoka Kakuyuni kuja soko la Malindi miaka na miaka, halafu ikachemsha siku moja ikawekwa chini ya mkorosho ikakaa hapo. Nje ilikuwa na rangi bado, milango inafunga, kila mtu aliyeiona alisema hii ni gasketi tu, fungua hed (kichwa cha injini, kifuniko cha juu ya silinda) weka gasketi inayoziba kati yake na injini, gari iende. Mimi nikasema hapana, tuinue kwanza.

Chesisi ya Hilux kwa sehemu kubwa ni chuma cha boksi, yaani ndani kuna uwazi, na mchanga wa shambani ukiingia mle ndani hautoki, unakaa na unyevu na chumvi ya upepo wa bahari, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Kwa hivyo ukitazama kwa macho unaona chuma kizuri tu. Chukua nyundo ndogo ugonge pole pole kuanzia mbele hadi nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza hakilii, na pengine nyundo inaingia kabisa. Yangu ilikuwa nzima mbele lakini nyuma pale springi zinaposhikilia, na ule mhimili unaopita karibu na tairi la spea, ilikuwa imeisha. Hapo ndio penye kazi ya kweli na hapo ndio nataka mtu aelewe, manake mafundi wengi watakwambia tunabandika bamba tu. Bamba likikatwa mraba likachomelewa wima kukata chesisi, mahali pale pa mshono ndipo patakapopasuka ukipakia mzigo, kwa sababu nguvu yote inakuja kwenye mstari mmoja. Fundi niliyempata mimi alikata bamba ncha mbili zikiwa zimechongoka kama umbo la almasi, akachomelea pembeni vipande vipande ili chuma kisipinde kwa moto, na kabla ya kuwasha mashine akatoa betri na waya za alteneta. Nikaona hapa niko mikono mizuri. Huyo mtu nampa alama zote, yuko kwenye jua kali za hapa mjini, hana bango wala nini, na hakuniharakisha hata siku moja.

Baada ya kuchomelea tulipiga dawa ya kutu, ile yenye asidi ya fosforasi inayogeuza kutu kuwa nyeusi, halafu red oksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu), halafu rangi nyeusi, na ndani ya boksi tukamwaga nta ya kuzuia kutu. Kuna watu wanamwaga oili chafu. Mimi sikutaka, oili inaharibu bushi za raba na inashika mchanga, na kwa gari ya shamba mchanga ndio adui tuliyekuwa tunamfukuza.

Sasa breki, nipite haraka ila kitu kimoja msikipuuze. Nyuma ya Hilux kuna valvu inayopima mzigo, ina fimbo imeungana na ekseli, gari ikiwa tupu inapunguza breki za nyuma, ikiwa na mzigo inaziongeza. Huku pwani ile fimbo inashika kutu inakwama na fundi anaamua kuitoa aunganishe paipu moja kwa moja. Gari inasimama, ndio, lakini siku ya mvua ukiwa tupu ukikanyaga breki tairi za nyuma zinafunga unazunguka barabarani. Yangu ilisafishwa ikapakwa grisi ikarudi kufanya kazi. Paipu za breki zote mpya, masta silinda mpya, na hapo sikubembeleza bei.

Injini. Hed ilipofunguliwa tukakuta nyufa katikati ya valvu, ugonjwa unaojulikana sana wa hizi 2L zikichemsha. Na kilichoichemsha ni maji. Hapa Malindi visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, sote tunajua, chai yake tu unaijua, na shambani dereva anachota maji ya kisima anajaza redieta kila asubuhi. Redieta ilikuwa imeziba nusu, ukuta mweupe kama chokaa. Kwa bahati hizi za zamani ni za shaba na matangi yake yamelehemiwa, kwa hivyo fundi wa redieta alifungua juu na chini akapitisha waya kwenye kila tundu akafunga tena, na sasa inapoza vizuri kuliko ile mpya ya alumini na plastiki waliyotaka kuniuzia. Ukiwa na ya shaba usiitupe. Na humo ndani weka kulanti (dawa ya redieta) na maji yasiyo na chumvi, ama ya mvua ukiwa umekinga, maji ya kisima yabaki kumwagilia mchicha.

Hed sikuitengeneza, nilinunua nyingine, na hapa ndio safari ya spea ilipoanza kwa kweli. Ukiingia duka la spea ukasema nataka hed ya 2L watakupa, na ukifika nyumbani haikai. 2L ziko mbili. Ya zamani inatumia roka, yaani mikono midogo inayosukuma valvu, halafu mwaka 1988 Toyota wakabadilisha hed, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ikawa inakanyaga tapeti, vile vikombe vya juu ya valvu, moja kwa moja bila roka. Duka la kwanza hapa mjini yule kijana hakuniuliza swali hata moja, alitoa gasketi akaweka juu ya meza. Nikaondoka nikateremka Mombasa, kule Mwembe Tayari, nikakuta mzee amekaa nyuma ya kaunta, hata sijamaliza kusema akaniuliza:

"Mwanangu, 2L gani? Ya roka ama ile ya baadaye?"

"Ya roka, mzee wangu."

"Umekuja na chombo ama umekuja na mdomo?"

Nikamtolea ile gasketi ya zamani na picha ya kibati cha injini. Akaiweka juu ya mpya, akalinganisha tundu kwa tundu, moja baada ya nyingine, taratibu kabisa, wateja wamejaa nyuma yangu. Huyo ndio muuzaji. Alinionyesha pia kitu ambacho tangu hapo nakitumia kila nikinunua: namba ya spea ya Toyota ina tarakimu 5, kistari, halafu 5 nyingine. Zile 5 za kwanza zinakwambia ni kitu gani, 11101 ni hed, 11115 ni gasketi ya hed. Na upande wa pili ukianza na 54 ujue ni familia ya hizi injini za L, 2L, 3L. Ukiwa na namba hiyo hata ukipiga simu Nairobi hakuna mtu wa kukuchanganya.

Tena usichukue gasketi ya 3L ukaambiwa ni moja. 2L silinda yake ni milimita 92, 3L ni 96. Kinachoingiliana ni injini nzima, 3L ya 2779 cc inakaa kwenye mauntingi (vishikizo vya injini) zile zile na watu wengi wameweka na zinavuta vizuri. Nilifikiria. Nikaacha, kwa sababu silinda za yangu zilipimwa zikaonekana zinafaa kwa ringi mpya tu, na pia ukibadilisha injini lazima namba mpya iingie kwenye logbuku, na hiyo ni shughuli nyingine ambayo kama huna haja nayo usijitafutie.

Kuhusu wapi pa kununua, maoni yangu ni haya. Malindi mjini utapata vitu vinavyotoka kila siku, filta, breki shu, beringi za mbele, mkanda wa fani, na bei si mbaya ukihesabu nauli. Mombasa ndio ya vitu vya injini, na uende mwenyewe. Nairobi pale Kirinyaga Road na Grogan kuna kila kitu, hata vile vitu ulivyokata tamaa, lakini kuna vya kila aina, jenuini, vya kampuni nyingine vizuri tu, na feki zilizofungwa boksi zuri kuliko jenuini. Nilituma hela kwa M-Pesa kwa duka moja huko, wakanitumia kwa basi mkanda wa taimingi wenye boksi la jina kubwa, maandishi yake yanafutika kwa kidole. Niliurudisha, wakabishana sana kabla ya kukubali. Mkanda wa taimingi si kitu cha kubahatisha, hizi injini unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani valvu zinagongana na pistoni, hed mpya yote imekwenda. Kwa hivyo huo nilikwenda kuununua kwa yule mzee wa Mwembe Tayari, bei ilikuwa juu zaidi na sikujuta.

Mtumba wa Japani ni mzuri kwa vitu vizito, gia boksi, difu, stata, alteneta. Hed ya mtumba hapana, huwezi kujua imechemka mara ngapi, nilichukua mpya.

Kingine ni zile plagi za kupasha moto asubuhi. Fundi anazichukulia poa, plagi ni plagi. Si hivyo. Toyota walitengeneza za volti tofauti kwa hizi injini, kuna za volti 6 zinazopata moto haraka halafu mfumo unapunguza umeme, na kuna za volti 11 za mfumo wa zamani. Ukifunga za 6 mahali pa 11 zinaungua mara moja. Volti imeandikwa kwenye mwili wa plagi yenyewe, soma kabla hujalipa.

Pampu ya dizeli ilipelekwa Mombasa ikapimwa kwenye mashine pamoja na nozo, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Hii ni huduma ambayo ni ghali na mtu unaona ni kama unalipia hewa kwa sababu gari ilikuwa inawaka, lakini pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, haina oili yake. Na sote tunajua dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa imezunguka sana nchi hii, mpaka serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kukomesha huo mchezo. Mafuta ya taa hayana ulaini, yanakwangua pampu. Yangu ilikuwa imekwanguka kiasi, wakabadilisha vinavyobadilika, na moshi mweusi ulioipa hii gari sifa mbaya kijijini umeisha kabisa, mashallah.

Springi za nyuma niliongeza jani moja tu kila upande. Fundi alitaka kuongeza matatu, ati msimu wa maembe watapakia mpaka juu. Nikamwambia watapakia kwa sababu springi zitawaruhusu, na chesisi tumeitoa mauti jana. Tukakubaliana moja.

Bodi na rangi sina mengi, sakafu ya kebini ilikatwa ikawekwa bati jipya, kitanda cha nyuma kikanyooshwa, rangi nyeupe ile ile ya kwanza kwa sababu ya jua la huku. Wapaka rangi wa Malindi ni wazuri lakini wanapenda sana kujaza filla (ile dawa ya kuziba mashimo ya bodi), kaa nao karibu, waambie bati kwa bati.

Sasa gari inafanya kazi. Inapanda kutoka Kakuyuni na kreti za maembe ya ngowe na apple imejaa, geji ya joto haisogei kupita nusu, na haijamwaga tone la oili pale chini inapolala. Gharama yote kwa jumla haikufika bei ya pikapu ya mtumba ya miaka ya karibuni, hata haikukaribia, na sehemu kubwa ya hizo hela zilikwenda kwa kuchomelea chesisi na kwa pampu, si kwa hed kama kila mtu alivyodhani.

Kilichobaki ni raba ya kioo cha mbele. Kwa hizi za zamani kioo hakibandikwi kwa gundi, kimeshikwa na raba nzima inayozunguka, na yangu imekauka na jua imepasuka pembe ya chini upande wa dereva, mvua ya kusi ikija inadondokea gotini. Mombasa wananionyesha za bodi iliyofuata baada ya 1988, zinafanana mkononi lakini pembe zake hazilali. Nimepata muuzaji mmoja Nairobi aliyesema anazo, nimemwomba anitumie picha ya pembe na namba kabla ya kumtumia chochote.