Lamotrijini kwa kifafa sugu: dawa nzuri, ila haitaki pupa

Tunaijadili lamotrijini kwa kazi moja: kuongezwa kwa mtu anayemeza dawa ya kifafa na bado anaanguka. Jina lake la kwanza sokoni ni Lamictal, ingawa sasa famasi nyingi zina vidonge vya makampuni mengine. Kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo tunaipa alama za juu. Haimwachi mtu na usingizi wa mchana kutwa kama fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, na kwa kawaida haileti hasira zile zinazowapata baadhi ya watumiaji wa levetirasetamu, nayo ya kifafa. Inapoharibika, mara nyingi imeharibiwa na namna ilivyoanzishwa.

Kwanza hakikisha hicho kifafa ni sugu kweli. Tangu 2010 shirika la kimataifa la kifafa, ILAE, linakiita sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, zikavumilika na kutumika ipasavyo, zinaposhindwa kukikomesha. Fenobabitoni ya wiki tatu iliyokatika kwa sababu kituo kiliishiwa haihesabiki. Karbamazepini, nayo dawa ya kifafa, kwa mtu ambaye mikono inamruka asubuhi hadi kikombe kinamponyoka haihesabiki pia, kwa kuwa aina hiyo ya kifafa huweza kuzidishwa na dawa hiyo. Lamotrijini nayo huwachochea baadhi ya watu wenye mruko wa misuli, na watoto wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali kinachoanza utotoni, haiwafai.

Sasa dozi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwanzo hutegemea dawa ambayo mtu mzima tayari anaimeza. Kama hana dawa inayoivuruga: miligramu 25 kwa siku wiki mbili, kisha 50 kwa siku wiki mbili, ndipo ipande polepole. Kama anatumia valproeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Epilim, anza na 25 siku moja, ruka siku, kwa wiki mbili. Halafu 25 kila siku wiki mbili. Lengo ni 100 hadi 200 kwa siku. Valproeti inalizuia ini lisiivunje lamotrijini, kwa hiyo kidonge kile kile kinakaa mwilini takriban mara mbili ya kawaida. Kwa anayetumia karbamazepini, fenitoini au fenobabitoni bila valproeti ni kinyume chake: ini linaivunja upesi, hivyo huanza na 50 kwa siku wiki mbili, kisha 100 iliyogawanywa asubuhi na jioni wiki mbili, na mara nyingi hufika 200 hadi 400. Kumpa mtu wa valproeti dozi za mtu wa karbamazepini ni kosa la hatari kubwa.

Hatari yenyewe ni upele, na hutokea zaidi kati ya wiki ya pili na ya nane. Mwingi si mkali, lakini sehemu yake ndogo ni ule unaobabua ngozi na unaweza kuua, na watoto wako hatarini kuliko watu wazima. Upele wowote katika kipindi hicho, hasa ukiambatana na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au tezi kuvimba: simamisha lamotrijini na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Zile dawa nyingine za kifafa usiziguse.

Watoto wana vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 5, na tunavipenda. Weka kidonge kwenye kijiko cha chai chenye maji, subiri kama dakika moja kiyeyuke chote, tikisa, mtoto anywe yote papo hapo. Usiyeyushe kidonge kizima ukampa nusu ya maji, kwani hujui nusu ya dawa imebaki wapi.

Dawa ikikatika pia kuna hesabu. Anayeimeza lamotrijini pamoja na karbamazepini akiikosa lamotrijini kama siku tatu, au anayeimeza lamotrijini peke yake akikosa kama siku sita, asirudi kwenye dozi yake kubwa. Anaanza upya kutoka chini. Familia nyingi haziambiwi hili dirishani, na inatuuma.

Kwa mazingira yetu kuna mambo kadhaa ya kuuliza kabla. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha lamotrijini kwa karibu asilimia 40, kwa hiyo matibabu ya TB yakianza au yakiisha, dozi iangaliwe. Kwa upande wa VVU ina faida kubwa: haiishushi dolutegravir, dawa ya VVU, wakati karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni huishusha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupunguza lamotrijini kwa takriban nusu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu haina estrojeni. Mimba nayo huishusha sana, basi dozi hupandishwa na kurudishwa baada ya kujifungua. Mchanganyiko wake na valproeti una nguvu kuliko dawa nyingi za kuongezea, lakini kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba hatuupendekezi, kwa madhara ya valproeti kwa mtoto tumboni.

Ikifika dozi kamili na mtu bado anaanguka, kurundika dawa ya nne na ya tano huleta kizunguzungu kuliko nafuu. Hapo aombe rufaa ya kupigwa MRI, yaani picha ya ubongo, na kipimo cha umeme wa ubongo, ili ionekane kama upasuaji unamfaa. Katika jaribio la London, Ontario, nchini Kanada, lililochapishwa 2001 kwa wagonjwa 80 wenye kifafa cha ubongo wa pembeni, mwaka mmoja baadaye asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mashambulizi ya kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki kwenye dawa. Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, nayo imeshafanya upasuaji wa aina hiyo.