Ziara ya Jiwe la Bismarck: Msimulizi Hodari, Bango Lenye Makosa

Sisi wakazi wa Mwanza tumelizoea mno lile jiwe la ziwani lililo karibu na kivuko cha Kamanga, na wengi wetu tumepiga picha mbele yake bila kujiuliza huyo Bismarck alikuwa mtoto wa nani. Kwa hiyo niliposikia kwamba yupo kijana anayewatembeza watu kwa miguu kutoka ufukweni hapo hadi Capri Point huku akiwasimulia nasaba ya ukoo wenye jina hilo, nilitoa shilingi 20,000 zangu bila kusita. Tulikuwa watu sita, tukaanza saa moja na nusu asubuhi kabla mawe hayajashika joto.

Kijana hakuanza na Otto von Bismarck, yule Kansela (mkuu wa serikali) wa Ujerumani ambaye jiwe limepewa jina lake, alianza na muuza nguo. Mtu wa kwanza wa ukoo huo anayejulikana kwa maandishi ni Herebord von Bismarck, aliyetajwa mwaka 1270 katika chama cha wafanyabiashara wa nguo wa mji wa Stendal huko Ujerumani, na jina lao limetokana na Bismark, mji mdogo wa eneo hilohilo la Altmark. Mwaka 1345 ukoo ulipewa ngome ya Burgstall, ukaingia katika safu ya makabaila wenye ardhi. Mwaka 1562, hata hivyo, jamaa ya Hohenzollern iliyoitawala Brandenburg iliitamani misitu ya Burgstall kwa ajili ya uwindaji, basi akina Bismarck wakalazimika kuiachia na kupokea Schönhausen na Krevese badala yake. Mama mmoja wa Ukerewe aliyekuwa nasi alicheka kidogo na kusema kwamba kubadilishana kwa namna hiyo anakufahamu.

Ni mama huyohuyo aliyeuliza swali lililoipa ziara uzito: "Mwanangu, umetutajia mababa tu. Mama yake Kansela je, alitoka ukoo gani?" Kijana alilikunja bango lake lililochorwa shajara ya ukoo akajibu kwa kichwa, na hapo ndipo nilipotambua kwamba amesoma kweli. Otto alizaliwa Schönhausen tarehe 1 Aprili 1815. Baba yake, Ferdinand, alikuwa kabaila wa shamba asiye na makuu, lakini mama yake, Wilhelmine Mencken, hakuwa wa jamaa ya kikabaila kabisa: alikuwa binti wa mtumishi mkubwa wa serikali ya wafalme wa Prussia, mwenye asili ya wanazuoni wa Leipzig. Mzee mmoja alikumbusha kwamba kwa Wasukuma wa zamani mtemi alirithiwa na mtoto wa dada yake, akataka kujua hao Wajerumani walifanyaje. Akajibiwa kwamba cheo cha Otto cha kikabaila, Fürst, kilishuka kwa mtoto wa kiume wa kwanza peke yake.

Sasa nilieleze hilo bango, ambalo ni sehemu ya huduma tuliyoilipia. Linamwita Otto "mwana wa mfalme", jambo ambalo si kweli hata kidogo. Cheo chake cha Fürst ni daraja la juu la ukabaila, nalo hakuzaliwa nalo: alifanywa Graf, daraja la chini ya hilo, mwaka 1865, akawa Fürst mwaka 1871 baada ya dola ya Ujerumani kuundwa, akapewa na msitu wa Sachsenwald, kisha mwaka 1890, Kaizari Wilhelm II alipomng'oa madarakani, akatunukiwa cheo cha Duke wa Lauenburg ambacho kilikuwa chake binafsi. Nembo ya ukoo, jani la dhahabu lenye pande tatu juu ya buluu, imechapwa kwa kijani kama tangazo la mbolea. Tena shajara yenyewe inakoma mwaka 1898 Otto alipofariki, ilhali mwanawe Herbert aliishi hadi 1904, mjukuu wake aitwaye pia Otto akafariki mwaka 1975, na Ferdinand, mtoto wa huyo mjukuu, mwaka 2019. Lingefaa pia kuonyesha kwamba tangu katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919 vyeo hivyo vimebaki kuwa sehemu ya jina tu.

Kuhusu Mwanza yenyewe maelezo yalikuwa mafupi lakini sahihi: Bismarck ndiye aliyekuwa Kansela hati ya ulinzi ya dola ya Ujerumani ya Februari 1885 ilipotolewa kwa ajili ya makoloni ya huku, ingawa hakuwahi kukanyaga Afrika, na Waingereza walipouteka mji Julai 1916, jina halikuondoka na Wajerumani wenyewe.

Ningelipa tena, ila kwa ajili ya msimulizi. Tulipofika Capri Point nilimnong'oneza kwamba mtoto wa kwanza wa Otto hakuwa Herbert bali Marie, aliyezaliwa mwaka 1848. "Ni kweli, Mwalimu," alisema, akatoa kalamu mfukoni, akalitandaza bango juu ya mwamba na kuliandika jina la binti huyo mahali pake.